Saa ya Arubaini na Moja

Utando wa kumi na saba umekufa leo,
saa ya arubaini na moja, kama wenzake.
Nimefungua boliti nane, nikaukuta umeota chumvi,
nyeupe, ya kijinga,
kama ukosi wa shati la mbeba mizigo wa bandarini
adhuhuri ya mwezi wa saba.

Hapa Sohar moshi hauna haya.
Unatoka viwandani bila kuaga,
unapita juu ya mashamba ya ndimu,
na sisi wanne, ndani ya chumba chenye baridi ya mashine,
tumeajiriwa kuushika mkia.

Kazi yenyewe naweza kuieleza kwa vidole.
Huku inaingia hewa ukaa, huku maji.
Umeme wa jua unasukuma.
Katikati, utando, mwembamba kuliko ganda la kitunguu,
na hukumu yote iko kwake:
chembe hasi, piteni. Maji, kidogo tu.
Potasiamu, wewe baki hukohuko kwenu.
Lakini potasiamu hasikii la mwadhini.
Anajipenyeza, anakutana na hewa,
wanafunga ndoa palepale kizingitini,
na mlango unazibwa na harusi isiyoalikwa.

Msellem anasema tuufanye mnene.
Ukiwa mnene, umeme unachoka njiani.
Ukiwa mwembamba, kile tulichokipata kwa jasho
kinavuka upande wa pili, kinaungua,
kinarudi kuwa hewa ileile tuliyoanza nayo.
Kwenda Makka na kurudi bila kutufu.

Daftarini tunaandika Kiingereza,
tunagombana kwa Kiarabu.
Neno utando nalisema kimoyomoyo:
utando wa buibui,
utando wa jicho la bibi kabla ya operesheni,
utando juu ya maziwa yaliyosahauliwa mezani.

Ijumaa, jikoni, mama anakamua tui.
Mtaa mzima umehamia tui la boksi,
yeye ana kifumbu alicholetewa kutoka Wete
ndani ya begi la mtu, kimefungwa kwenye kanga.
Anakamua, anafyonya.
"Kimesukwa na mvivu hiki. Chicha yote inanidondokea."
Sikutegemea hekima, na hakuitoa.
Alinituma dukani nikanunue la boksi.

Sikwenda upesi.
Nilikigeuza kile kifumbu ndani nje,
kikinitiririkia mpaka kwenye viwiko.
Cha zamani, kile kilichochoka, kilikuwa bado msumarini.
Nikavilinganisha.
Cha zamani: miyaa mipana ya kubeba nguvu ya mkono,
na kati yake miembamba, iliyobanana, ya kuchagua.
Kazi mbili, miyaa ya aina mbili.
Mimi miezi saba nimeutaka utando mmoja
uwe bawabu na uwe ukuta.

Wa kumi na nane tuliumwagia juu ya wavu.
Wavu ubebe. Ngozi ichague.
Ngozi yenyewe, ukiitazama kwa ubavu,
ni kama mtu aliyenong'ona jambo akalijutia.

Saa ya thelathini Msellem alilala kitini, kofia usoni.
Saa ya arubaini nilisali Alfajiri pembeni ya pampu.
Saa ya arubaini na moja nilitoka nje,
sikutaka kuona.
Joto lilinipiga kama mlango wa tanuri.

Niliporudi, sindano ya geji ilikuwa palepale.
Saa ya arubaini na mbili.
Hatukuwa na safu ya kuiandika,
Msellem aliichora kwa rula.

Na kwenye bomba la kutokea, tone.
Halafu, baada ya muda wa kuchosha, tone.
Nilipunga mkono juu yake, nikavuta harufu kwa mbali:
siafu. Siafu waliokanyagwa.
Asidi ileile wanayobeba matumboni,
na sisi tumeitoa kwenye moshi.

"Na hiyo ni ya nini?" mama aliuliza kwenye simu.
Ya kulainisha ngozi. Ya kuhifadhi majani ya mifugo.
"Haya," akasema. "Na tui la boksi ulinunua?"

Umekufa saa ya tisini na sita.
Chumvi, lakini pembeni tu,
upande ule niliokaza boliti vibaya.